Kinu Nyuma ya Kamba

Yunusi alifika Malolo asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye ufuta, akasimama uwanjani kwa marehemu mjomba wake bila kupiga hodi. Hajira alikuwa anatwanga. Alimwona, akaendelea kutwanga.

"Kinu hicho cha nani, shemeji?" Yunusi aliuliza.

"Cha jirani."

"Nilijua. Kinalia kigeni."

Mwamini alitoka ndani akijifunga vizuri kaniki yake. Tangu kaka yake Isihaka afariki alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko na kwa kukosa usingizi. Yunusi alikuwa mtoto wa dada yake mkubwa, Zaina, ambaye naye alikwisha tangulia mbele ya haki.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Nimetumwa na mzee Kaimu. Anasema arobaini ni Ijumaa, na siku hiyo jina lipate mtu. Ameniagiza niulize kinu kiko wapi."

"Unajua kilipo."

"Najua. Ila nimeambiwa nisikie kwako."

Mwamini alitazama chini. "Kiko stesheni," alisema.

Katika ukoo wao, mkubwa wa ukoo aliitwa Namkonda, na Namkonda akifa jina lake halikuachwa chini. Lilichukuliwa na mpwa wake. Kinu cha nyumba ya mama wa mpwa huyo kiligeuzwa, kitako kikawa juu, na mpwa akakalishwa. Mama yake, au mama mdogo kama huyo hayupo, alilitamka jina, mtani akammwagia unga wa mtama kichwani, kisha mtani huyo akatangaza mbele ya watu: "Amekaa." Kuanzia hapo mashamba yalikuwa yake, mikorosho yake, nyumba yake, na wajane na yatima wote walimtazama yeye. Mtu alikalishwa mara moja tu. Mzee Kaimu na wazee wenzake wa ukoo walisema, kama asivyozikwa mara mbili.

Isihaka, kabla hajakata kauli, alimtaja Abdalah, mtoto wa Mwamini na mume wa Hajira. Hilo hakuna aliyelipinga. Lakini kinu hakikuwapo. Mwaka ule wa njaa, watu walipokuwa wakishinda porini kuchimba mizizi ya ming'oko, Memsahibu mmoja alipita na gari akikusanya vitu vya zamani. Alikitaka kinu, akatoa debe la unga. Mwamini alikitoa, lakini kwanza alichana kipande cha kaniki akakifunga kiunoni mwa kinu. Kwao kitu kilichofungwa hivyo kilikuwa kimewekwa tu, na mwenyewe angekirudia akipata nafuu. Memsahibu aliona kitambaa kinapendeza. Mvua ziliporudi Mwamini alipeleka kuku wawili kukikomboa, akarudishwa na mpishi kwenye mlango wa jikoni. Alipeleka tena, akarudishwa tena.

"Kama kinu cha nyumba yenu hakipo," Yunusi alisema, "jina linavuka kuja nyumba ya mkubwa. Cha mama yangu ninacho."

"Hilo ni la mzee Kaimu, au lako?"

"La mzee Kaimu. Langu ni watoto sita, mama mdogo. Shamba la Mbekenyera nguruwe wamelimaliza, tunakula mbegu." Aliutazama ufuta uliokuwa ukingojea kukatwa. "Atakayekaa ndiye atakayekata huu. Na nyumba nitaihitaji. Sitawafukuza usiku, lakini nitaihitaji."

Alipoondoka, Hajira aliacha mchi. Tumbo lake lilikuwa la miezi ya mwisho. "Mama," alisema, "tutakwenda wapi?"

Mwamini alikwenda kumwita Abdalah shambani.

*

Walitoka Jumatano, Mwamini na mwanawe, wakatembea hadi Ruangwa. Pale walipata lori la magunia lililokuwa likienda Nachingwea. Abdalah alikuwa amebeba mbuzi mabegani, mbuzi jike pekee waliyekuwa naye, na Mwamini alikuwa na kifurushi cha unga wa mtama aliousaga kwa ajili ya Ijumaa. Juu ya magunia walimkuta Shaban, mwuza ugoro wa Mbekenyera, mtu wa maneno mengi.

"Huyo mbuzi mnampeleka kupanda gari la moshi?" aliuliza. "Mmechelewa. Reli ya Lindi waliing'oa."

"Tunakwenda stesheni ya zamani," Abdalah alisema.

"Kwenye makumbusho? Hata mimi nakwenda. Nasikia wameweka ungo ukutani, na mtu anatoa thumuni kuuona. Nimemwambia mke wangu asitupe kitu chochote. Tutafunga kamba mlangoni, tutakuwa matajiri."

Dereva alicheka. Hata Mwamini alitabasamu kidogo, kisha akageuza uso.

Walilala barazani sokoni Nachingwea, mbuzi kafungwa mguuni mwa Abdalah. Asubuhi walifuata tuta la reli. Mataruma yalikwisha kuchukuliwa, na nyasi zilikuwa zimeota kwenye kokoto. Wakati wa mradi wa karanga matrekta yalishushwa hapa mchana na usiku, na vijana wa nchi nzima walijazana kutafuta kazi. Karanga ziliposhindikana vijana wakarudi kwao, na bandari mpya ya Mtwara ilipofunguliwa gari la moshi nalo likahamia huko. Stesheni ilibaki na popo. Kisha Memsahibu, mke wa bwana mmoja wa mashamba, aliomba apewe. Aliezeka upya, akapaka chokaa, akaweka milango ya kijani. Saa ya stesheni aliifuta vioo lakini haikutembea.

Mlangoni alikaa mtu wa makamo aliyevaa koti la zamani la reli. Jina lake Andrea.

"Mbuzi haingii," alisema.

"Ni wa Memsahibu," Abdalah alijibu.

"Memsahibu hajaniambia habari ya mbuzi. Mfunge pale kwenye nguzo. Na miguu mfute, sakafu imepakwa nta. Thumuni kila mtu."

"Tumekuja kuona kitu chetu," Mwamini alisema. "Nacho tunakilipia?"

Andrea alimtazama. Alikuwa na amri ya kutopitisha mtu bila kulipa, na nyumbani alikuwa na watoto watano. "Lipeni ya mmoja," alisema mwishowe. "Mama nitasema ameingia kunywa maji."

Ndani kulikuwa na watu kama kumi, wengi wao wakulima wa Mtua waliokuja mnadani. Walitembea polepole, mikono nyuma, kama watu walioingia msikitini kwa wenyewe. Waliona usukani wa trekta, fuvu la tembo, ndonya za midomo ya bibi zao zimepangwa kwenye kitambaa chekundu. Mwanamke mmoja alinong'ona kwamba mtungi ule ni kama alioacha nyumbani na maji, na mwenzake akamwambia awahi kurudi asije akaukuta huku.

Kinu kilikuwa katika chumba cha tiketi, juu ya meza, nyuma ya kamba. Mdomoni mwake mlikuwa na maua ya karatasi. Kile kipande cha kaniki kilikuwa bado kiunoni, kimepigwa pasi.

Mwamini alisimama. Abdalah alidhani atalia, lakini mama yake alikuwa akiutazama mchi ulioegemezwa pembeni.

"Huu mchi si wake," alisema.

"Uliletwa na watu wengine," Andrea alisema. "Memsahibu aliona vinafaa kukaa pamoja."

"Ni mfupi. Mtu akitwanga na huu atavunjika kiuno. Hiyo karatasi inasema nini?"

Andrea alisoma: "Kinu. Cha kutwangia nafaka."

"Basi?"

"Basi, mama."

*

Memsahibu alifika kabla ya adhuhuri. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyechomwa na jua, mwenye haraka na tabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa njaa aligawa unga wake mwenyewe mpaka akagombana na mumewe. Abdalah alivua kofia, akaeleza tangu mwanzo. Andrea alisimama katikati akirudia maneno kwa upole, maana Kiswahili cha Memsahibu kilikuwa cha kuamuru wapishi.

"Anasema ni kinu cha bibi yake, Memsahibu. Anaomba kukikomboa. Ameleta mbuzi."

"Mimi hapana uza," Memsahibu alisema. "Hii kinu iko ya watu wote sasa."

"Hatununui," Mwamini alisema. "Tulikiweka. Kitambaa kile nilikifunga kwa mkono wangu."

"Ndiyo. Kitambaa nzuri sana."

"Basi atuazime mpaka Jumamosi," Abdalah alisema. "Mbuzi abaki. Mimi mwenyewe nibaki, akitaka, mama aende nacho."

Andrea alieleza. Memsahibu alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa. Alisema kule kijijini kingeliwa na mchwa. Alisema vitu vyote hivi vitapotea, na siku moja wajukuu wa huyu mama watakuja hapa, watakiona, watafurahi.

"Mwambie," Mwamini alimwambia Andrea, "hao wajukuu watakuja kutokea wapi? Kesho jioni hatuna nyumba."

Andrea alisita. Alitafsiri nusu. Memsahibu alifungua mkoba, akampa Mwamini shilingi tano kwa ajili ya msiba, akamshika bega, akatoka kwenda kuandaa chai ya wageni aliokuwa akiwangojea. Mwamini alibaki na noti mkononi kama mtu aliyepewa kitu cha kumshikia mwenzake.

"Twende, mama," Abdalah alisema. "Tukiondoka sasa tutapata lori."

"Kwenda kufanya nini?"

"Sijui. Lakini hapa tumemaliza."

Mwamini hakuondoka. Alimgeukia Andrea. "Wewe, baba, ni mtu wa wapi?"

"Masasi."

"Mmakua?"

"Mmakua."

"Mama yako ukoo gani?"

Andrea alimtajia. Alipokwisha kutaja tu, alijua amefanya kosa, kwa sababu uso wa yule mwanamke ulibadilika.

"Wewe ni mtani wetu," Mwamini alisema. "Baba wa mama yangu alizikwa na watu wenu. Ninyi ndio mnatumwagia unga."

"Mama, mimi ni Mkristo."

"Sisi Waislamu. Nimekuuliza habari ya dini?"

"Mimi nimeajiriwa kufuta vumbi. Sina ruhusa hata ya kusogeza kitu."

"Kama kinu hakiji kwa mtu," Mwamini alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "mtu atakifuata kinu. Mtoto wangu yupo, unga ninao, mtani yupo, watu hawa wapo. Kinakosekana nini? Kataa basi. Mtani akikataa kumwaga unga, sema mwenyewe kinachompata."

Watu wa Mtua walikuwa wamesogea. Walijua kinachompata. Mzee mmoja alisema taratibu, "Mjomba, hilo halikataliki." Shaban, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameacha kusema, alinyamaza akavua kofia.

Abdalah alimshika mama yake mkono. "Hapa si uwanjani kwa mjomba."

"Uwanja ni wa nani kesho?"

Andrea alitazama mlangoni. Kutoka upande wa pili wa jengo zilisikika sauti za vikombe. Alifungua kamba, akatoa yale maua ya karatasi akayaweka mfukoni, akakiteremsha kinu sakafuni na kukigeuza. Chini yake kulikuwa na ufa ulioshonwa kwa waya. Abdalah aliketi. Alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu, akainamisha kichwa kupokea unga.

Mwamini alisema jina la kaka yake, la mjomba wake, na la mjomba wa mjomba wake, kisha akasema, "Namkonda ni wewe." Andrea alimwaga unga. Ulishuka kichwani, kwenye nyusi, ukaanguka kwenye sakafu ya nta.

"Amekaa," Andrea alisema.

"Amekaa," waliitikia wale watu.

Kisha yakasikika makofi.

*

Memsahibu alikuwa mlangoni na wageni wake, mabwana wawili na mke wa mmoja wao. Bwana mmoja alikuwa amekwisha inua kamera. Memsahibu alipiga makofi mpaka alipoona kamba imelala chini na meza iko tupu. Mikono yake ikasimama.

"Andrea. Nani ameshika vitu?"

Mwamini alimtazama Andrea, na Andrea hakumtazama. Angeweza kusema kweli, na jioni ile ile lile koti la reli lingevaliwa na mtu mwingine. Alifikiri karo ya mwanawe kule misheni. Alifikiri pia, kwa sababu hakuwa mtu mwovu, kwamba neno lake la pili lingekuwa kwa Memsahibu tu, na lile la kwanza lingebaki kwa wenyewe.

"Mimi, Memsahibu," alisema. "Nilikuwa nawaonyesha wageni namna ya zamani. Ni mchezo tu."

"Mchezo!" Memsahibu aliwageukia wenzake, akawaeleza kwa lugha yao, nao wakacheka kwa furaha. Alimwendea Abdalah, akaangalia ule unga usoni mwake, akatia shilingi kiganjani mwake. "Nzuri sana. Jumamosi kuja tena. Kila Jumamosi. Mimi nalipa."

Abdalah aliinuka kutoka juu ya kinu. Hakuna aliyemwita kwa jina lolote. Watu wa Mtua walianza kutoka mmoja mmoja, wakiepuka kukanyaga unga.

Nje, Abdalah akimfungua mbuzi wao, Mwamini alimngojea Andrea mpaka alipotoka kumwaga taka. "Njoo kesho Malolo," alimwambia. "Njoo useme kwa mzee Kaimu kwamba la kwanza ndilo."

"Kesho ni kazi, mama."

"Nakuomba kama mtani."

"Najua unavyoniomba," Andrea alisema. Aliinua ndoo yake. "Nitajaribu."

*

Ijumaa baada ya sala uwanja wa marehemu ulijaa. Yunusi alikuja na kinu cha mama yake kichwani mwa mkewe, kimefunikwa shuka. Mzee Kaimu, aliyekuwa haoni vizuri, alimsikiliza Abdalah, akamsikiliza Mwamini, akauliza kama kuna mtu aliyekuwapo.

"Yupo Shaban," mtu alisema.

Shaban aliletwa mbele. Hakutaka. Alisema alivyoona: kinu kiligeuzwa, jina lilitajwa, unga ulimwagwa, mtani akasema amekaa.

"Basi amekaa," Mwamini alisema.

"Na baada ya hapo?" Mzee Kaimu aliuliza. "Mtani alisema nini tena?"

Shaban alitazama miguu yake. "Mama, nisamehe. Nimeapishwa." Kisha akasema, "Alisema ni mchezo."

"Kwa Memsahibu," Mwamini alisema. "Alimwambia Memsahibu. Alikuwa anaogopa kazi yake."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, lakini..."

"Mtani ana kinywa kimoja," Mzee Kaimu alisema. Hakusema kwa ukali. "Angekuja hapa leo akalifuta hilo la pili, tungemsikiliza. Amekuja?"

Watu waligeuka kutazama njia ya Ruangwa. Hapakuwa na mtu. Waliketi mpaka kivuli cha nyumba kikafika katikati ya uwanja, maana Mzee Kaimu naye alikuwa akitamani mtani aonekane. Yunusi hakuwaharakisha. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti.

"Kama angekuwa hajakalishwa," mzee alisema mwishowe, "ningesema tungoje, tutafute kinu, hata mwaka. Lakini mtu amekalishwa, na mtani amesema ni mchezo. Hakalishwi tena. Mlikuwa na mara moja, Mwamini. Mmeitumia."

Shuka iliondolewa kwenye kinu cha Zaina.

Jioni, watu walipokuwa wakila, Yunusi alimjia Mwamini nyuma ya nyumba. Unga ulikuwa bado kwenye masikio yake. "Mama mdogo, Hajira ajifungue kwanza. Mhame baada ya hapo. Na ufuta, Abdalah atakata pamoja na mimi, nitampa gunia."

"Ahsante, Namkonda," Mwamini alisema. Ndivyo alivyotakiwa kumwita.

*

Hajira alijifungua msichana. Ufuta ulikatwa, ukafungwa matita, ukakauka, ukapukutwa. Gunia la Abdalah lililipa madeni ya msiba. Kipande cha pori walichoonyeshwa na Yunusi walipohama kilikuwa cha mawe na mbali na maji, na msimu wa kulima ulikuwa haujafika. Walishinda kwa jirani, wakala kwa jirani, na jirani alianza kuchelewa kupika.

Siku moja Abdalah alisema, bila kumtazama mtu, kwamba nyuma ya stesheni kuna banda la mfanyakazi wa reli, bovu lakini lina bati.

"Memsahibu alisema analipa," alisema.

Mwamini alikuwa amempakata mtoto. "Bila mimi utakalishwa na nani," alisema, na mambo ya safari yakaanza kupangwa.

Jumamosi ya kwanza Memsahibu alikuwa ameweka viti kumi na viwili nje, mahali watu walipokuwa wakingojea gari la moshi. Wageni walitoka Lindi na Nachingwea. Andrea alikileta kinu, akakigeuza, akasimama kando na bakuli la unga. Tangu walipohamia kwenye lile banda alikuwa hajaweza kumwamkia Mwamini, naye Mwamini hakumlaumu kwa neno lolote. Asubuhi Andrea aliwapelekea kuni.

Abdalah aliketi. Mwamini alisimama mbele ya mwanawe, akamtaja kaka yake, na mjomba wake, na mjomba wa mjomba wake, kwa sauti ileile. Kisha akafika mahali pa jina, akasimama. Jina lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Malolo.

"Sema, mama," Memsahibu alimhimiza kwa upole.

Mwamini alimtazama mwanawe aliyekuwa amefumba macho akingojea.

"Abdalah," alisema.

Andrea alimwaga unga. Wageni walipiga makofi, kama walivyopiga siku ile ya kwanza.